Tupeane uzoefu: uliwahi kupiga kura uchaguzi mdogo wa ubunge? Ilikuwaje mtaani kwako?

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo moyoni miaka mingi, leo nimeona niliweke hapa tuongee. Uchaguzi mkuu kila mtu ana stori yake ila ule mdogo wa kujaza kiti kilichobaki wazi watu wanausahau haraka sana, wakati kwa sisi wengine ndo ulituachia maswali mengi zaidi.

Mimi ni mtu wa Kinondoni, nimekulia Mwananyamala na kura napiga hapohapo. 2015 niliamka saa kumi alfajiri nikapanga foleni na kadi yangu mpya ya kupigia kura, ile ya BVR ya alama za vidole, jua likanikuta pale pale, nikampigia Maulid Mtulia wa CUF na akampita Iddi Azzan wa CCM. Usiku ule hatukulala. Desemba 2017 niko kwenye daladala natoka Kariakoo, nasikia redio inasema kajiuzulu ubunge na amehamia CCM, gari zima kimya. Tarehe 17 Februari 2018 tukaitwa tena kituoni, jina kwenye karatasi ni lilelile ila chama ndo kimebadilika.

Mtu kuhama chama ni haki yake, hapo sina ugomvi kabisa. Ninachojiuliza mpaka leo ni kwamba ile kura yangu ya 2015 nilimpa nani, mtu au chama? Maana Katiba ibara ya 71 inasema mbunge akitoka kwenye chama kilichompeleka bungeni na ubunge unakoma, kwahiyo kisheria kiti kina mkono wa chama, lakini mimi pale kituoni nilikuwa natazama sura ya mtu niliyemsikiliza akiongea uwanjani.

Halafu jioni ya kuamkia kura ndo yule binti mwanafunzi wa chuo cha usafirishaji NIT akapigwa risasi Mkwajuni akiwa amekaa ndani ya daladala, hana habari na maandamano wala chama. Usiku mke wangu akaniambia baba fulani kesho usitoke. Nilitoka. Kituo ambacho 2015 nilisimama masaa mengi safari hii niliingia na kutoka muda wa kunywa chai tu, makarani wamekaa wanasubiri watu. Nilikaa nje pale chini ya mwembe kama nusu saa nahesabu wanaoingia, hata ishirini hawakufika. Nilimpigia nani naomba nibaki nayo.

Haya karibuni, aliyepiga, aliyegoma, aliyekuwa wakala wa chama kituoni, wote semeni.

mtu wa gongolamboto
Mkuu umenigusa sana. Sisi Ukonga yetu ilikuja mwaka huohuo, 16 Septemba 2018, mbunge wetu Waitara katoka CHADEMA kaenda CCM, kagombea tena na akashinda. Mimi sikupiga na sio kwamba niligoma. Nilijiandikisha Tandale nikiwa nimepanga, baadae nikajenga huku Majohe nikahamia na familia lakini taarifa zangu kwenye daftari la wapiga kura sikuhamisha, nikawa najiambia bado mapema 2020 mbali. Kumbe kiti kinaweza kuwa wazi hata kesho asubuhi. Siku ya kura majirani wanapita na vidole vya wino mimi nimekaa barazani, barabara yetu mbovu nailalamikia kila siku lakini siku ya kumchagua wa kuisemea sikuwemo. Iliniuma. Uboreshaji wa daftari ulipokuja nilikuwa wa kwanza kufika. Msiojahamisha nawaomba msisubiri mwaka wa uchaguzi.

mama wawili kigogo
Mimi niligoma na sijutii. Nilichagua 2015 miaka mitano, sikuchagua miwili na kidogo.

mtu wa gongolamboto
Dada yangu nakuelewa ila ukigoma kiti hakibaki wazi, anakaa mtu tu.

mama wawili kigogo
Najua kaka angu. Lakini na 2020 ilipofika hakuna kati ya Mtulia na Waitara aliyebaki kwenye kiti chake, Kinondoni akaingia Tarimba na kwenu Ukonga akaingia Silaa, Waitara akaenda kugombea Tarime Vijijini. Sasa ile kampeni yote, magari ya matangazo yanapita mtoto kalala, vituo vimefunguliwa, polisi kila kona, ilikuwa kwa ajili ya miaka miwili. Pesa ile ingetoa maji Kigogo. Hicho ndo kinaniuma, sio chama.

mzee wa tandika
Vijana poleni, ngoja niwape ya zamani kidogo. Mimi nilipiga kura uchaguzi mdogo wa Temeke Oktoba 1996, Augustino Mrema alipokuja kugombea kwa chama cha NCCR-Mageuzi. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amegombea urais akashindwa na Mkapa, wengi tulidhani basi tena, akaja Temeke. Wakati ule nilikuwa fundi viatu, kazi nilikuwa naifunga saa tisa nikawahi mkutano, watu wamepanda mpaka juu ya mapaa, kina mama wametandika khanga chini apite. Akashinda! Na hapa Dar ndo serikali ilikokuwa wakati ule. Kwahiyo mimi siwezi kusema uchaguzi mdogo hauna maana, nimeuona kwa macho yangu ukijaza watu kushinda hata ule mkuu. Inategemea mtu ameamini nini siku ile.

mtoa mada
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuamini ndo penyewe, mimi 2018 nilienda nikiwa na woga tu.

mbezi luis
Mimi naishi Mbezi ila Aprili 2012 nilikuwa kwa shemeji yangu Usa River, Arumeru Mashariki, kiti kilikuwa wazi kwa sababu mbunge Jeremia Sumari alifariki. CCM wakamsimamisha mwanae, Sioi, CHADEMA wakaleta Joshua Nassari, kijana mdogo kabisa, na akashinda. Nilichokiona ni hiki, kiti kikiachwa na msiba watu wanakuja kituoni bila kinyongo, anayempenda marehemu anakuja na anayetaka mabadiliko anakuja. Kikiachwa na mtu aliyeondoka kwa miguu yake watu wanakuja wamenuna au hawaji.

mwanasheria wa mtaa
Niongeze kidogo tu, kiti kikibaki wazi ndani ya miezi 12 kabla ya Bunge kufikia mwisho wake uchaguzi mdogo haufanyiki, mnakaa hivyohivyo mpaka uchaguzi mkuu. Ipo Katiba ibara ya 76.

binti mzizima
Mimi nilikuwa wakala, jimbo na chama sitaji. Barua yangu ya utambulisho niliipata usiku sana baada ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi, nimefika kituoni kumi na mbili na nusu asubuhi sijala. Mpaka saa kumi jioni tunafunga watu waliokuja hawakufika hata robo ya majina yaliyokuwa kwenye daftari, mchana tulikuwa tunaangaliana tu sisi mawakala wa vyama vyote, yule wa chama pinzani akanigawia muhogo wake.

Kuna bibi mmoja alikuja kama saa nane anatembelea fimbo, kaletwa na mjukuu. Karani akamuuliza bibi unajua leo tunachagua nini, akasema najua, yule wa kwanza kaondoka. Akapiga, akatoka, akarudi tena mlangoni akatuuliza sisi mawakala, "na huyu wa leo atakaa?" Hakuna aliyemjibu. Msimamizi mwenyewe aliinama akajifanya anapanga karatasi.

mtoa mada
Ulikaa mpaka matokeo yakabandikwa?

binti mzizima
Nilikaa kaka. Tulihesabia kwa tochi ya simu maana umeme ulikatika, nikasaini fomu ya matokeo, wakabandika mlangoni nikaipiga picha. Asubuhi nilirudi kuangalia kama bado ipo. Ilikuwepo, na yule bibi alikuwa amesimama mbele yake anasomewa na mjukuu namba moja moja.