Re: Pilipili mbuzi kwenye grinhausi ya nyumbani, nani ameshapanda huku Ujerumani?

mama_kinondoni (Bremen)

Habari za jioni wote, poleni na baridi. Jamani tumehamia nyumba yenye kabustani na waliokuwepo kabla yetu wameacha grinhausi ndogo ya polikaboneti, ile plastiki ngumu, kama mita mbili kwa tatu hivi, bado nzima kabisa. Baba watoto anataka nyanya, mie nataka pilipili mbuzi maana zile za duka la Waafrika zinafika zimeshasinyaa na bei yake utadhani unanunua zafarani. Nani ameshapanda akavuna? Nianze lini, na je lazima niweke hita humo ndani? Mbegu mdogo wangu anakuja mwezi ujao kutoka Dar, nitamwambia anibebee. Asanteni.

bustani_leipzig

Karibu dada, hongera ya nyumba. Nianze na la hita maana ndo linalowamalizia watu hela. USIPASHE GRINHAUSI. Piga hesabu mwenyewe, hita ya wati 2000 ikiwaka masaa kumi usiku ni yuniti 20, umeme ukiwa senti 35 kwa yuniti hapo umeshachoma euro 7 kwa usiku mmoja, na polikaboneti ile nyembamba haishiki joto, unapasha bustani ya jirani. Pilipili haihitaji grinhausi ya moto mwezi wa pili. Inachohitaji mwezi wa pili ni joto chini ya mbegu, na mbegu zote unazotaka zinaenea kwenye trei moja juu ya kabati la jikoni.

Kwa hiyo sia ndani ya nyumba, mwisho wa Januari au Februari mwanzoni, usingoje Aprili kama watu wa nyanya. Pilipili mbuzi ni mvivu sana kuota, na pilipili kichaa ndo hivo hivo. Hoho zinaweza kutokeza ndani ya wiki moja au mbili lakini mbuzi inaweza ikakaa wiki tatu nne kimya mpaka ukadhani mbegu zimekufa ukataka kumwaga udongo, usimwage. Joto la udongo liwe kwenye nyuzi 25 mpaka 30. Kuna vile vimkeka vya umeme vya kuweka chini ya trei, vya wati 20 hivi, kikiwaka mchana na usiku hakifikishi senti 20 kwa siku. Zikishachomoza toa kwenye mkeka, weka kwenye mwanga. Na mwanga wa dirisha la Bremen mwezi wa pili si mwanga huo, miche itarefuka shingo, miembamba, inaangukia kioo. Taa ya LED ya wati 20 masaa 14 kwa siku inatosha, iweke karibu, juu kidogo tu ya majani.

Udongo wa kusia uwe mwepesi usio na mbolea nyingi. Mche ukiwa na majani mawili ya kweli (sio yale ya mwanzo ya mviringo) uhamishie kwenye kikopo cha sentimita 9, ukijaa mizizi peleka kwenye kikubwa zaidi, na makao ya mwisho iwe ndoo ya lita 10 hivi yenye matundu chini. Mi napenda ndoo kuliko kupanda chini ardhini, sababu nitaisema huko mbele.

Kuhamia grinhausi sasa. Wajerumani wana siku wanaziita Eisheiligen, 11 mpaka 15 Mei, wazee wa hapa hawatoi mche nje mpaka zipite, na usiwacheke kwa sababu barafu ya usiku mmoja tu inaua kila kitu. Ndani ya grinhausi unaweza kuwahi kidogo, mwanzo wa Mei, ila angalia kipimajoto: usiku ikishuka chini ya nyuzi 10 rudisha ndoo ndani. Haifi kwa nyuzi 8, ila inadumaa, majani yanapauka inakaa tu pale wiki nzima haifanyi kitu.

Na kitu ambacho watu wa kwetu hatukitegemei ni kwamba mwezi wa sita na wa saba shida inakuwa JOTO. Sisi tunajua pilipili inapenda jua basi tunafunga mlango tunaenda kazini. Jua likipiga kile kibanda kimefungwa kinapita nyuzi 40 kirahisi, na pilipili ikishavuka kwenye 33, 35 chavua inakufa, maua yanadondoka na kale kashina kake, unafika jioni unakuta yametapakaa sakafuni kama mchele. Halafu mtu anaandika humu “mti wangu una maua haushiki matunda”. Fungua dirisha la juu NA mlango, hewa ya moto itoke juu ya baridi iingie chini. Kuna kile kimkono cha kufungulia dirisha chenye nta ndani, nta ikipata joto inatanuka inasukuma dirisha, ikipoa linajifunga, hakitumii umeme wala betri. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu nunua hicho, hita achana nayo. Na neti ya kivuli upande wa kusini mwezi wa saba.

kaka_rotterdam

Niaje wadau. Mimi nafanya kazi kwa magrinhausi ya hoho huku Westland, Uholanzi, so naongeza tu kidogo. Vile bustani_leipzig amesema kuhusu hewa ni kweli kabisa, huku kompyuta ndio hufungua madirisha na hufunguliwa hata wakati wa baridi kutoa unyevu. Unyevu ukikaa unapata ule ukungu wa kijivu kwa shina, ukishaingia kwa shina hilo tawi kata tupa.

Kuhusu wadudu, vidukari watakuja, hiyo haina mjadala, angalia chini ya majani machanga kila siku mbili tatu. Wakiwa wachache ponda na kidole. Wakiwa wengi chukua sabuni ya potasi changanya na maji upulizie chini ya majani jioni, sio saa ya jua, majani yataungua. Utitiri mwekundu ndio mbaya, huja hewa ikiwa kavu na moto, ukiona majani yana vidoti vyeupe vyeupe na utando mdogo kama wa buibui ujue ni yeye. Sisi hapa kazini hatupulizi dawa ovyo, tunatundika vipakiti kwa mmea vyenye utitiri wengine wadogo wanaokula wadudu. Wako wa kula thripsi (vidudu vidogo vyembamba vinavyofyonza majani) na inzi weupe, na wako wengine, Phytoseiulus, wa kumaliza huyo mwekundu. Hata mtu wa nyumbani anaweza agiza wanakuja na posta. Lakini ukishawaweka usipulize sumu tena, utawaua na hao.

mama_kinondoni (Bremen)

Mwe, kumbe wadudu wanatumwa kwa posta! Asanteni sana kaka zangu. Hapo kwenye mbegu sasa, mdogo wangu akibeba mbegu na pilipili fresh kidogo za kuanzia si sawa tu? Ni mfuko mdogo.

binti_wa_pangani (München)

Dada usimpe mdogo wako kesi airport. Tangu Desemba 2019 mbegu za kupanda, mimea na karibu matunda yote mabichi yanayoingia EU kwenye begi la abiria lazima yawe na cheti cha usafi wa mimea, kwa Tanzania wanaotoa ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Matunda yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Pilipili haimo. Tena pilipili ndo inaangaliwa kwa jicho kali kwa sababu ya yule nondo ambaye kiwavi wake anaingia ndani ya tunda, na virusi vya nyanya na pilipili vinavyosafiri kwenye mbegu. Wakimshika watamnyang'anya na faini inaweza kuwepo. Mwambie abebe pilipili ya kusaga iliyokauka na viungo vingine vikavu, lakini mbegu tafuta hapa hapa.

bustani_leipzig

Sahihi kabisa binti wa Pangani. Na mbegu zenyewe ziko dukani kwenu dada, wala usihangaike. Nenda duka la Waafrika angalia boksi, utakuta pilipili mbuzi nyingine zimetoka Uganda, zimeshapita ukaguzi zikiingia. Chagua iliyoiva KABISA, ile ya kijani mbegu zake hazijakomaa. Ipasue, toa mbegu, zianike kwenye karatasi mahali penye hewa, sio juani wala juu ya hita, zikikauka ukizikunja zinavunjika basi ziko tayari. Vaa glavu wakati unapasua. Ukali hauko kwenye mbegu zenyewe, uko kwenye ile nyama nyeupe inayoshika mbegu, na ukiingia kwenye kucha utaukumbuka ukienda kutoa lensi za macho usiku. Ikishatokea osha kwa mafuta ya kula kwanza halafu sabuni, maji peke yake hayatoi.

Zikiwa zimetoka kwenye tunda la dukani zinaweza zikabadilika kidogo, maana pilipili ikipandwa karibu na nyingine nyuki wanachanganya chavua. Kama hutaki kubahatisha nunua pakiti ya Habanero, ni jamii ile ile ya mbuzi. Ila hao vijana wanaonunua Carolina Reaper, ile pilipili kali kupita kiasi, kwa ajili ya video mi siwaelewi, hiyo utaiweka kwenye kachumbari gani.

Maji: asubuhi, chini kwenye udongo, ya pipa la mvua au yaliyokaa ndani yakapoa ule ubaridi wa bomba. Acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, mizizi ikikaa kwenye tope majani yanakuwa njano. Lakini usiache pia ikauke mpaka inalegea halafu unaimwagia ndoo nzima, matunda yanaoza kitako, lile baka jeusi chini. Mbolea ya nyanya ya maji, yenye potashi nyingi, anza ukiona maua ya kwanza, mara moja kwa wiki. Ukianza mapema na ile ya naitrojeni utapata kichaka kizuri sana cha kupigia picha, matunda hakuna. Maua yakifunguka tikisa mti kidogo mchana, inajichavusha yenyewe.

Sasa sababu ya ndoo. Mbuzi ukiipanda Februari huku itakupa matunda ya kuiva mwezi wa nane mwishoni mpaka wa kumi, ikifika hapo ndo imechangamka na baridi inaingia, Wajerumani wengi wanang'oa wanatupa. Kwani kwetu nani anang'oa mti wa pilipili kila mwaka? Pilipili kichaa unakaa nyuma ya jiko miaka. Oktoba, kabla usiku haujashuka sana, vuna zote, pogoa matawi ubakishe shina la sentimita 15, 20 hivi, kagua vidukari usije ukawaingiza nyumbani, halafu beba ndoo uiweke ndani mahali penye mwanga pasipo na joto kali, nyuzi 12 mpaka 15, dirisha la ngazi za ghorofa linafaa sana kama majirani hawana neno. Maji kidogo sana, mbolea hapana. Utaonekana kama kijiti kilichokufa. Machi unachipua, na mwaka wa pili unazaa mapema mno kuliko mche mpya, kwa mbuzi hiyo ndo tofauti ya bakuli na ndoo.

mzee_wa_kassel

Wanangu hamjambo. Mie mwenye balkoni tu bila grinhausi nina matumaini?

bustani_leipzig

Shikamoo mzee wangu. Yapo, ila panda kichaa badala ya mbuzi, tunda lake dogo linawahi kuiva. Balkoni ya kusini, ndoo isogee ukutani, ukuta unatunza joto la mchana. Kuna vile vibanda vya nailoni vyenye zipu vya kuweka balkoni, vinasaidia Mei na Septemba, mchana ufungue zipu.

mzee_wa_kassel

Marahaba. Na zikiiva zote kwa mpigo? Maana tuko wawili tu na mama hali pilipili.

binti_wa_pangani (München)

Mzee zigandishe nzima nzima, osha, kausha maji na taulo, tia kwenye mfuko weka friza. Ukitaka kupika chomoa moja uikune ikiwa bado na barafu, haina haja ya kuyeyusha. Zikizidi tuma anwani kwa pembeni, München tupo.