Unatangaza maji moto ya Katana kwa picha ya Marekani! Rudisha pesa zetu

Ndugu zangu wa Bukavu, leo sinyamazi.

Kuna mwandalizi wa safari hapa mjini anayetangaza maji moto ya Katana, chemchemi zilizo kaskazini mwa Bukavu. Kwenye tangazo kaweka bwawa kubwa, katikati samawati, halafu kijani, manjano, pembeni rangi ya chungwa. Tulilipa dola 30 kila mtu. Mama mkubwa nikamlipia mimi, magoti yanamsumbua na alitamani sana kuyaona.

Ile picha ni Grand Prismatic ya Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani! Bwawa lenye upana wa karibu mita 100, limepigwa picha kutoka angani. Nilipomwuliza kiongozi wetu akasema, "Maji moto yote ni yaleyale." Yaleyale kivipi?

Uongo huo ningeumeza. Kilichonichoma ni kingine. Katana ina rangi zake! Nilichuchumaa pale mkondo unapoanza kupoa, nikaona utando wa kijani unaoteleza kama mlenda, na mbele kidogo umekuwa wa rangi ya kutu. Utando wa namna hiyo ni vijidudu vinavyopenda joto, kila aina na kiwango chake, na ndivyo vinavyopaka rangi hata kingo za mabwawa ya Yellowstone. Mama mkubwa alisimama pale akitazama, magoti hayakutajwa tena.

Na kiongozi anafanya nini? Anachemsha mayai ndani ya sacheti za plastiki, wakishakula maganda na sacheti vinarudi majini. Chupa za soda nazo zinatupwa kwenye jicho lenyewe la maji, na yeye anacheka.

Hukohuko Yellowstone kuna bwawa linaitwa Morning Glory, lilikuwa samawati safi. Watalii wakatupia sarafu na takataka miaka na miaka, tundu la chini likaziba, joto likashuka, manjano ikatambaa kutoka kingoni mpaka ndani. Wale wana walinzi, na sheria ya hifadhi tangu 1872, na bado limeharibika. Sisi tuna nani pale?

Mwandalizi, unajijua. Ondoa picha hiyo leo, weka ya Katana yenyewe, na pesa zetu uzirudishe. Nilivuta chupa tatu kwa fimbo. Ya nne sikuifikia, maji yanaunguza. Kabla hujapeleka kundi la Jumamosi, nenda kaitoe.