Mjadala: Je, karatasi zilizochapishwa zipigwe marufuku kufungia chakula Dar es Salaam?

Mleta mada, Kinondoni

Wanajamvi, nawasalimu. Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, maana linagusa tumbo la kila mmoja wetu na kipato cha watu wengi ambao hawaalikwi kwenye vikao vya kutunga kanuni. Hoja yangu ni kwamba magazeti, karatasi za mitihani na nyaraka za ofisi zisitumike tena kufungia chakula cha moto au chenye mafuta katika jiji hili, na kwamba wachapaji wa vifungashio vya chakula wawekewe masharti ya wino wanaoutumia. Sina ugomvi na karatasi yenyewe. Ugomvi wangu ni na wino ulioko juu yake, ambao aliyeutengeneza hakuwaza hata siku moja kwamba utakutana na andazi.

Wino mweusi wa gazeti, kwa asili yake, ni masizi laini yaliyochanganywa na mafuta, na kwa miongo mingi mafuta hayo yamekuwa yale yatokanayo na petroli. Wino huo haukauki kwa kugeuka mgumu kama rangi ya mlango. Unanyonywa tu na nyuzi za karatasi na kubaki humo, ndiyo sababu msomaji wa gazeti huinuka na vidole vyeusi. Sasa chukua kitumbua kilichotoka kwenye chuma wakati huo huo, au mihogo ya kukaanga, ukiviringishe humo. Mafuta ya kukaangia huyapokea mafuta ya wino bila pingamizi, na joto huharakisha uhamaji huo. Karanga za kukaanga zinazowekwa kwenye vikaratasi tangu asubuhi hazina joto tena, lakini zina mafuta mengi na muda mrefu wa kukaa humo.

Kugusana si lazima. Sehemu nyepesi za mafuta hayo hugeuka mvuke katika joto la kawaida na kupenya kwenye chakula kikavu kilichomo ndani. Wakemia wa maabara ya Zürich nchini Uswisi, akiwemo Koni Grob, walionesha jinsi maboksi yaliyotengenezwa kwa karatasi chakavu, yakiwemo magazeti ya zamani, yanavyopitisha mafuta hayo hadi kwenye mchele na tambi, hata pale ambapo boksi jipya lenyewe halijachapwa kitu. Mwaka 2012 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema kwamba kundi moja la mafuta hayo, lile lenye hidrokaboni za aromatiki, yaani zile ambazo molekuli zake zina pete za kaboni, linaweza kuwa na viambata vinavyoharibu vinasaba na kusababisha saratani.

India, ambako vitafunwa vya barabarani hufungwa kama vyetu, ilitoa tahadhari rasmi kuhusu magazeti mwaka 2016, kisha kanuni zake za vifungashio za mwaka 2018 zikakataza moja kwa moja kutumia gazeti kuhifadhi au kufungia chakula. Sisi, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS), tunayo taasisi moja inayoshika viwango na chakula kwa pamoja. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hatujui mlango wa kubisha hodi.

Mchapaji, Gerezani

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na sehemu ya kwanza nakubaliana nawe. Kwenye wino wa vifungashio vya kiwandani, hata hivyo, umepita haraka mno, na huko ndiko kwenye kazi yetu.

Wino si kitu kimoja. Una rangi, una gundi inayoishikisha rangi, una kiyeyusho au mafuta ya kuusambaza, na una viongezi vidogo vidogo ambavyo mara nyingi ndivyo vyenye matatizo. Wino unaokaushwa kwa taa ya urujuanimno (UV), kwa mfano, una kemikali za kuanzisha ukaukaji, na zisipoisha zote wakati wa kupita kwenye taa, masalia yake hubaki huru. Mwaka 2005 nchini Italia kemikali moja ya jamii hiyo, iitwayo ITX, ilikutwa ndani ya maziwa ya watoto yaliyokuwa kwenye maboksi, na mamilioni ya lita yakaondolewa sokoni. Mwaka 2009 ikafuata nyingine, 4-methylbenzophenone, kwenye nafaka za kifungua kinywa.

Watu wengi hudhani kwamba wino ule ulitoboa boksi kutoka nje kwenda ndani. Kwa maziwa yale ya Italia, njia iliyotajwa ilikuwa nyepesi zaidi. Malighafi iliyochapwa huviringishwa au kupangwa kwa tabaka, uso uliochapwa wa tabaka la chini ukagusana na uso wa ndani wa tabaka la juu, na masalia yakahamia pale ambapo chakula kitakuja kukaa. Jicho halioni chochote, kwa kuwa kinachohama si rangi. Hata katika karakana zetu ndogo jambo hili hutokea kila tunaporundika mifuko kabla haijakauka, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari yake. Mteja anauliza bei na kama nyekundu yake itang'aa.

Ulaya wenyewe hawajapata sheria moja ya orodha ya kemikali za wino. Wana kanuni ya jumla ya mwaka 2004 inayosema kwamba kifungashio kisihamishie kwenye chakula kitu cha kudhuru afya, na nyingine ya mwaka 2006 inayomtaka mchapaji kuzuia uhamaji huo wa tabaka kwa tabaka. Uswisi ndiyo iliyoanza kutumia orodha yake mwaka 2010, na Ujerumani ikapitisha yake mwaka 2021. Je, sisi tutafuata ya nani, na nani atatupimia? Ukiniwekea sharti la wino wa gharama kubwa wakati jirani yangu anachapa mafichoni kwa wino wowote, utakuwa umeniadhibu mimi ninayeonekana.

Muuza vitafunwa, Buguruni

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nimesoma hadi mwisho na bado sijaona mahali palipoandikwa nani atalipia. Gazeti nalinunua kwa kilo. Karatasi ya kaki ni ghali zaidi, na mteja wa andazi la asubuhi hataongeza hata shilingi kwa ajili ya karatasi, kwa sababu akishakula anaitupa. Ilipofika tarehe 1 Juni 2019 tukaambiwa mifuko ya plastiki basi, tukatii, na wengi wetu tukaongeza matumizi ya karatasi tukiamini kwamba ndiyo njia safi. Sasa mnataka kutuambia karatasi nayo haifai.

Tena naomba tupange mambo kwa uzito wake. Mteja wangu anaweza kudhurika leo hii kwa maji machafu, kwa mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, kwa nzi wa dampo lililo jirani. Hayo yanaleta ugonjwa wiki hii. Huo wino mnaousema utaleta nini, na baada ya miaka mingapi? Mimi siupingi utaalamu, kaka zangu, ila nimezoea kuona kanuni nzuri ikimwangukia mwenye beseni wakati mwenye ghala anapita salama.

Mkazi wa Jangwani

Naongeza upande ambao haujaguswa. Kwanza kwa haki: mamlaka ile ile ya Ulaya iliyonukuliwa juu ilirudia tathmini yake mwaka 2023, ikasema kwamba kundi kubwa la mafuta hayo, lile lisilo na aromatiki, kwa viwango ambavyo Wazungu wanakula halileti wasiwasi kwa afya. Wasiwasi ukabaki kwenye lile kundi la aromatiki lenye pete tatu au zaidi. Kwa hiyo tusiwatishe watu kupita kiasi.

Mazingira ndiyo yanayonisumbua zaidi. Wino unaotiwa kwenye karatasi haumalizi safari yake kwenye andazi. Ukikusanya magazeti na kuyageuza boksi jipya, mafuta yanarudi nalo, na ndiyo maana Ufaransa iliamua kuanzia mwaka 2023 kuyaondoa mafuta ya petroli kwenye wino wa vifungashio, yaani kuziba chanzo badala ya kupambana na matokeo. Upande wa plastiki, kifuko cha nailoni kilichojaa rangi saba hakina thamani kwa mnunuzi wa chakavu, kwa kuwa kikiyeyushwa hutoa plastiki ya rangi ya matope. Hivyo kinaishia kuchomwa au kuingia mtaroni. Na kuna yale maji na viyeyusho vinavyooshea fremu za uchapaji wa skrini. Sisi tunaoishi kando ya Mto Msimbazi tunapokea kila kinachomwagwa huko juu, na mvua za masika zikija kinaingia hadi sebuleni.

Mleta mada, Kinondoni

Nawashukuru. Dada yangu wa Buguruni ameuliza swali ambalo nilipaswa kulitanguliza, kwa hiyo naanza naye. Sitaki mgambo amfuate mwenye beseni. Marufuku ninayoipendekeza iwe kwenye ghala: anayeuza karatasi chakavu kwa kilo asiruhusiwe kuiuza kwa ajili ya chakula, na iende kwenye viwanda vya trei za mayai na maboksi ya kubebea bidhaa zisizoliwa. Bidhaa ikikosekana kwenye chanzo, tabia hubadilika bila mtu kunyang'anywa mtaji wake.

Kuhusu uzito wa hatari, ni kweli maji machafu yanaua haraka kuliko wino. Lakini maji machafu yanahitaji mabomba, vyoo na bajeti ya miaka mingi, ilhali huu uhamaji wa wino unaweza kukatwa kwa karatasi moja tupu iliyowekwa kati ya andazi na maandishi. Sioni sababu ya kuacha kilicho rahisi kwa kisingizio kwamba kilicho kigumu bado hakijafanyika.

Karatasi ya kaki nayo isipewe cheti cha usafi kwa rangi yake tu. Kaki iliyotengenezwa kwa magazeti chakavu inabeba mafuta yale yale. Kaki ya nyuzi mpya, kama inayotengenezwa Mgololo wilayani Mufindi kutokana na mipaini, ni jambo jingine, na hapo ndipo alama ya Shirika la Viwango ingekuwa na kazi ya kweli: imwambie mnunuzi karatasi hii ni ya nyuzi mpya au ya chakavu.

Ndugu mchapaji, umeuliza tufuate orodha ya nani. Kwa sasa nisingeanza na orodha ndefu ya kemikali, kwa kuwa kuipima yote kunahitaji maabara yenye vifaa ghali. Ningeanza na mambo matatu ambayo mkaguzi anaweza kuyaona kwa macho na kwa nyaraka: kwamba uso unaogusa chakula haukuchapwa, kwamba kazi haikurundikwa kabla ya kukauka, na kwamba dumu la wino lina tamko la mtengenezaji kuwa linafaa kwa vifungashio vya chakula na halina tolueni, kiyeyusho chenye sumu, wala rangi zenye madini ya risasi. India iliitaja tolueni kwenye kiwango chake cha wino wa vifungashio vya chakula, nasi tunaweza. Chupa ya kioo yenye lebo nje haihitaji hofu hiyo yote, kwa sababu kioo hakipitishi kitu, lakini kifuko chembamba cha nailoni cha unga wa lishe wa mtoto ndicho ningekikagua kwanza.

Mchapaji, Gerezani

Hayo matatu yanatekelezeka, na la kurundika nitalianza bila kusubiri kanuni. Kuhusu karatasi tupu, wachapaji tuna mabaki meupe mengi: pembe zinazokatwa baada ya kazi, na masalia ya mwisho wa roli ambayo mashine ya gazeti haiwezi kuyachapa. Mengi yanauzwa kwa chakavu yakiwa yamechanganywa na yaliyochapwa, kwa bei moja. Yakitenganishwa tangu karakanani, dada wa Buguruni anaweza kuyapata kwa kilo kama anavyolipata gazeti, ingawa sitadanganya kwamba bei itakuwa ile ile, maana kuyatenganisha kunahitaji mtu wa kusimama pale na kulipwa.

Muuza vitafunwa, Buguruni

Niambie bei ya kilo, kaka, halafu tuendelee.