Tupeane uzoefu: ukishafaulu swali la kodi (za programu za kompyuta, siyo za TRA) mtandaoni, nani anakukosoa?

Wakuu, salaam. Humu tunaofanya maswali ya kodi tupo wengi, ila wengi wetu tukiona kijani tu, yaani kodi imepita majaribio yote, tunarukia swali jingine. Mimi naona utamu unaanzia hapo. Codewars, tovuti ya maswali haya, ukishafaulu, inakufungulia majibu ya wenzako, nayo hupigiwa kura za aina mbili: lililo la kijanja na lililoandikwa kwa utaratibu mzuri. La kijanja mara nyingi ni mstari mmoja ambao hata mwenyewe akirudi kesho haelewi! Nyie mnakosolewaje? Shusheni.

Mdau wa Mwanza: Mimi lilinifungua macho swali la kwanza la Project Euler, tovuti ya maswali ya hesabu ya kuandikia kodi: jumlisha vigawe vyote vya 3 au 5 vilivyo chini ya 1000. Unazungusha lupu, yaani kompyuta inapitia namba moja moja, unapata 233168, umemaliza. Jamaa mmoja akaniuliza, "Na wakikupa bilioni mia?" Kimya. Akanipa njia: vigawe vya 3 jumla yake 166833, vya 5 ni 99500. Jumlisha, kisha toa 33165 ya vigawe vya 15, maana hivyo umevihesabu mara mbili. Kila jumla ina fomula yake ya shuleni, lupu ya nini tena?

Mdau wa Nakuru: Exercism, tovuti ya mazoezi ya kodi, kuna walezi wa kujitolea wanaokupitia kodi yako, bure kabisa. Wangu hesabu hakuzigusa, alinishikia bango majina tu. "Hii x ni nini? Na x2?" Niliona ananionea, lakini kazini siku hizi ndiyo mimi ninayewasumbua wenzangu hivyo hivyo.

Mdau wa Unguja: Sisi Desemba ni Advent of Code, mashindano ya maswali ya kodi ya kila siku mtandaoni. Swali hutoka saa sita usiku za Mashariki ya Marekani, huku ni saa mbili asubuhi, chai iko mezani. Kwenye kundi letu ni mwiko kutuma kodi kabla ya magharibi. Na ukituma, eleza kwanza ulivyofikiri. Ukibandika kodi tupu hakuna anayekujibu.

Mdau wa Mwanza: Hiyo sheria ya magharibi naiiba.

Mdau wa Arusha: Mie tofauti kidogo. Mgeni akiniandikia "kodi mbovu" bila kusema wapi, napita. Anayestahili kusikilizwa ni yule anayeleta data inayoivunja kodi yangu: orodha tupu, namba hasi, neno lenye herufi moja.

Mleta mada: Mkuu wa Arusha, basi naomba uivunje yangu. Naibandika jioni.