Jina limenitoka: gumzo la kikundi cha ukoo, Moshi

Shangazi: Jamani hamjambo humu? Naombeni msaada. Leo pale Mbuyuni mama mmoja kanikumbatia, kaniita jina langu la utotoni, kauliza mguu wa mama unaendeleaje, kauliza kama Baraka alimaliza chuo. Kanipa chane mbili za mshare, hela kakataa. "Nisalimie mama." Nikamwambia zimefika. Sasa nimekaa hapa namenya ndizi zake na jina lake limenitoka kabisa!

Baba Mdogo: Dada, si yule nanihii?

Shangazi: Nani?

Baba Mdogo: Yule nanihii wa kule kwa nanii, karibu na mashine ya kusaga. Mumewe alikuwa dereva wa lori.

Shangazi: Huyohuyo! Ana mwanya, akicheka anaziba mdomo. Anaitwa nani?

Baba Mdogo: Hapo sasa. Sura ninayo, sauti ninayo, hata rangi ya lori naikumbuka.

Baraka: Shikamooni. Si ndiye aliyeleta sufuria ya kiburu kwenye kipaimara changu? Shangazi, huna namba yake?

Shangazi: Marahaba. Ninayo, nimeisevu "Mama Kiburu" 😂 Nimpigie nimuulize wewe ni nani? Mtu anayejua hadi mguu wa mama yangu? Siwezi, nitamuumiza.

Manka: Mama, mjomba, shikamooni. Ndo natoka zamu. Mama usijitese, jina la mtu ndilo gumu kuliko yote kwa sababu halina maana ya kushikia. Ukiambiwa fulani ni fundi cherehani, kichwa kinaona mashine, uzi, vitambaa. Ukiambiwa anaitwa Fundi, hakuna picha inayokuja. Na kadiri umri unavyokwenda, majina ya watu ndiyo yanayokwama zaidi. Wa kuwahishwa hospitali ni anayepotea njia ya nyumbani kwake, si aliyesahau jina sokoni.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Umenipa usingizi, maana juzi kanisani nilimsahau mzee niliyesoma naye.

Baraka: Na Bibi je? Leo asubuhi alitaka maji. Kaanza kumwita Baba, kaja Baba Mdogo, kaja Manka, halafu "wee Simba!" Aliyeitika ni mbwa 😂😂

Manka: 😂😂 Baraka, ujue hilo limefanyiwa utafiti! Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, 2016. Waliona mtu akikosea jina huwa anachota kwenye kundi lilelile, ndugu kwa ndugu, rafiki kwa rafiki. Na mbwa walimkuta kwenye kundi la familia.

Baraka: Basi sinuni tena. Ngoja nimsomee Bibi habari za Mbuyuni.

Shangazi: Msomee taratibu, asije akaanza kutafuta usiku kucha.

Baraka: Anacheka. Anasema, "Mnahangaika nini, si Somo!"

Shangazi: Somo wa nani?

Baraka: Wa Manka.

Shangazi: MANKA! Anaitwa Manka! Mungu wangu, jina la mwanangu mwenyewe! Manka ulipoanza kuongea ukawa unamwita Somo, na sisi wote tukafuata, nyumba nzima Somo, Somo. Jina lenyewe tukaliacha hukohuko.

Manka: Jamani Somo wangu! Alikuwa ananisuka pale barazani na kunipa karanga nisilie. Mama nitumie namba nimpigie sasa hivi.

Baba Mdogo: Na mumewe alikuwa anaitwa… ngojeni…

Shangazi: Wee kaka, tulale! Mama, salamu zako hizo, na kesho nakuletea mtori wa ndizi za Somo.

Baraka: Bibi anasema mtori ataunywa, ila anataka amwone Somo kwa macho yake. Anasema hivi, nanukuu: "Mwambieni Simba anipeleke kesho."

Shangazi: Na Simba anasemaje?

Baraka: Saa tatu asubuhi nitakuwa na bajaji mlangoni.