Mbwa anasukuma tangu saa mbili usiku mtoto hatoki, nisubiri asubuhi?

Wakuu naombeni msaada wa haraka. Jike langu ndo uzao wa kwanza, leo siku ya 63 toka apandwe. Tangu jana kakataa chakula, anahema, anachimbachimba gunia nililomtandikia, nikajua siku imefika. Saa mbili akaanza kusukuma kwa nguvu, mwili mzima unajikaza, sasa hivi saa tatu hajatoa hata mmoja na anatokwa na ute wa kijani uliokolea. Jirani anasema mbwa huwa wanazaa wenyewe nimwache mpaka asubuhi ila mi roho haitulii, yeye mdogo na dume lililompanda ni kubwa mara mbili yake.

Mfugaji Kibaha: Usisubiri asubuhi mkuu!! Kule kuhangaika na kuchimba hata masaa 12 au zaidi ni kawaida, ila akishaanza kusukuma kwa nguvu nusu saa ikapita bila mtoto hapo kuna shida. Na huo ukijani unatoka kwenye kondo la nyuma, ina maana kuna kondo limeshaachia na mtoto wake hapati tena hewa kwa mama. Ukijani ukija baada ya mtoto wa kwanza kutoka hausumbui, ukitangulia wenyewe ndo hatari. Mpigie dokta wa mifugo sasa hivi, mwambie kaanza kusukuma saa ngapi na rangi ya ute.

Mama Wawili: Naongezea, usikubali mtu amchome sindano ya uchungu kabla hajampima. Mwaka juzi wangu alikwama hivihivi, akaja jamaa akamchoma oksitosini bila kuangalia chochote, kumbe mtoto kakaa vibaya njia imeziba, kizazi kikapasuka. Nilimpoteza yeye na watoto wote wanne, mpaka leo inaniuma maana mimi ndo nilimwita yule jamaa.

dogo_moro: Mkiwa njiani mtoto akitokeza nusu akakwama, mshike na taulo safi uvute taratibu kuelekea chini pale mama anaposukuma tu, usilazimishe. Akitanguliza miguu ya nyuma usishtuke, kwa mbwa ni kawaida sana. Beba boksi na chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kitambaa, watoto wachanga hawawezi kujipasha joto.

Mleta mada: Wakuu nimerudi. Tulifika kwa dokta saa nne na nusu, akapiga utrasaundi, wa kwanza mkubwa kaziba njia na moyo umeshasimama, wengine watatu mapigo yao yanashuka. Akafanyiwa upasuaji usiku uleule, watatu wazima na mama kaamka, sasa hivi wananyonya. Nalia hapa jamani, asanteni sana. Dokta kasema wiki hizi za kunyonyesha nikiona anatetemeka au anakakamaa nimrudishe hapohapo, hiyo ni kalsiamu imeshuka.

Mama Wawili: Mungu mkubwa. Huyo dume usimrudie tena.

kijana_wa_Tegeta: Wangu yuko siku ya 55, nitajuaje mapema?

Mfugaji Kibaha: Nunua kipimajoto, kuanzia siku ya 58 mpime njia ya haja kubwa asubuhi na jioni uandike. Kawaida yake ni 38 na kitu, ikishuka chini ya 37.5 jua uchungu uko ndani ya siku moja. Namba ya dokta anayepokea simu usiku itafute leo.