Uji wa Watoto: Kikao Kimepitisha au Tumepitishwa?

Mama Wawili, Chuno: Wana Mtwara, nisaidieni. Jumamosi tuliitwa kikao cha wazazi shuleni kwa wanangu. Tumefika saa tatu, mwenyekiti wa kamati kaingia saa tano na karatasi mkononi: kila mtoto kilo kumi za mahindi, sukari kilo mbili, na elfu tano ya mpishi kwa muhula. "Wanaokubali wanyooshe mikono!" Mikono yenyewe haikuhesabiwa, muhtasari ukasomwa hapo hapo kama uliandikwa jana yake. Sikatai mtoto kunywa uji. Nauliza, kikao ndivyo kinavyopitisha jambo?

Kijana wa Ligula: Elimu bure ipo tangu 2015. Usitoe hata punje, mama.

Mwalimu Mstaafu: Ilianza Januari 2016, mwanangu. 2015 zilikuwa kampeni. Na Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 umeusoma? Chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Ila mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, hapo mwalimu mkuu ana la kujibu. Halafu tuambiane ukweli: hao hao wanaolia elfu tano, Desemba utawakuta wamekodi muziki usiku kucha, eti mwali katoka.

Chikandanga: Shikamoo mwalimu. Unyago umeingiaje kwenye sufuria ya uji?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Umeingilia mfukoni.

Mjomba wa Newala: Mfuko wa nani? Mpwa wangu akienda jandoni gharama nabeba mimi, ndiyo mila yetu. Uji ni wa baba yake. Msichanganye mifuko.

Baba Zai: Ndiyo maana vikaoni wanajaa akina mama watupu. Mjomba anamngoja baba, baba anamngoja mjomba, mtoto anangoja kikombe.

Mjomba wa Newala: Wewe kaka si wa huku.

Baba Zai: Mimi Mmwera, kwetu Nyangao, Lindi. Ngoma tunacheza pia, ila hatuuzi korosho kangomba, kwa walanguzi wa magendo, ili tukodi spika.

Mjomba wa Newala: Nani kauza kangomba? Ule msimu wa 2018 serikali ilisema 3,300 kwa kilo, hela tukazingoja mpaka sare za watoto tukakopa. Mwenye njaa unamwambia asiuze kangomba?

Chikandanga: Kwa hiyo mjomba umekiri. Hahahaa!

Mjomba wa Newala: Sijakiri kitu. Nimeuliza.

Mtendaji Mstaarabu: Mama wa Chuno, omba kuona muhtasari na karatasi ya mahudhurio, kisha mpelekee mtendaji wa kata nakala. Kama majina ni ishirini na shule ina watoto mia tisa, hapo una hoja. Tatizo mnanung'unika mkishafika kwenye bodaboda, kikaoni kimya.

Mama Wawili, Chuno: Kimya? Nilinyoosha mkono mara mbili, nikaambiwa "mama, muda umekwisha". Muda aliumaliza aliyechelewa saa mbili!

Kijana wa Ligula: Na huo uji unapikwa kwa nini? Kuni! Gesi ipo Madimba hapo, bomba linakwenda Dar tangu 2015, mpishi wetu anapuliza moshi.

Mwalimu Mstaafu: Hiyo 2015 sasa umepatia.

Kijana wa Ligula: Asante, mwalimu. Nisahihishie na mwandiko.

Baba Zai: Gesi tena! Tukianza gesi hatulali leo.

Mama Wawili, Chuno: Jamani, mdogo kaja na karatasi sasa hivi, Jumatatu mwisho. Mahindi soko kuu kilo shilingi ngapi?

Mjomba wa Newala: Kaka wa Nyangao, usijifiche kwenye gesi. Mwali wenu wa mwisho alitoka bila spika?